Swali Lisiloulizwa Magogoni

Asilimia tisini na nne ya akina mama wa Magogoni walikuwa wameridhika sana. Mbeyu alikuwa ameiandika tarakimu hiyo kwa herufi nene juu ya ukurasa wa kwanza wa ripoti, na bosi wake, Justus Mutua, aliisoma mara mbili kwa sauti kama mtu aliyepokea barua ya posa iliyokubaliwa.

Wote wawili walikuwa waajiriwa wa Wakala wa Zahanati za Bara, taasisi ya serikali iliyosimamia zahanati saba upande wa Kisauni. Justus alikuwa mkuu wa utafiti. Mbeyu ndiye aliyetunga maswali, akawatuma wahoji mitaani, akaleta majibu. Mwezi wa Januari Wakala ulifunga, kwa majaribio, wodi ya wazazi ya zahanati ya Kwa Shee, Magogoni. Mama akishikwa na uchungu, uliamrisha, apige simu, na ambulensi itatoka Kongowea imchukue, imvushe daraja mpaka hospitali kubwa kisiwani. Kwenye karatasi mpango ulipendeza, na karatasi haijawahi kushikwa na uchungu. Sasa ilikuwa mwisho wa Julai. Alhamisi saa nne asubuhi bodi ingekaa kuamua moja kati ya mawili: wodi ifunguliwe, au ifungwe kabisa na zile sita nyingine ziifuate.

Bodi ilitaka kujua watu wanasemaje, na watu walikuwa wamekwisha kusema. Akina mama mia moja arobaini na wanane waliojifungua tangu Januari walifuatwa majumbani mwao wakaulizwa maswali saba. Mia moja thelathini na tisa walijibu kwamba wameridhika sana na utaratibu mpya.

"Hii ndiyo kazi," Justus alisema Jumatatu asubuhi, akiigonga ripoti kwa kidole. "Nimeshamtumia mwenyekiti hiyo tarakimu. Kandarasi yako inaisha mwezi huu, sivyo? Alhamisi ikipita salama, tutaongea."

Mbeyu akacheka kwa furaha, maana alikuwa ameishi miaka mitatu kwa kandarasi za miezi sita sita, na aliyezoea kulala mlangoni hujua thamani ya kitanda. Akaenda kujimiminia chai. Pale mezani alimkuta Kimani, dereva wa ambulensi, akichovya mandazi.

"Kimani, umesikia? Magogoni wanakupenda. Asilimia tisini na nne."

"Magogoni?" Kimani akashangaa. "Na huko siendangi sana, manze. Trip kama ishirini na sita hivi."

"Kwa mwezi?"

"Zii. Zote, tangu Januari. Angalia kitabu, iko kwa gari. Mi hushinda tu Kongowea nikihesabu mikokoteni ya vitunguu. Saa zingine wananipigia, lakini niko na mgonjwa mwingine, ama hakuna mafuta."

Mbeyu alikitazama kitabu cha safari, akahesabu kwa kidole. Ishirini na sita. Alirudi mezani kwake, akazitandaza fomu. Akina mama mia moja arobaini na wanane, na safari ishirini na sita. Hao waliobaki walikuwa wameridhika sana na gari ambalo halikuwabeba.

Hapo ndipo alipoyasoma upya maswali yake saba. Uliridhika kiasi gani na utaratibu? Uliridhika kiasi gani na lugha ya wahudumu? Uliridhika kiasi gani na muda? Alikuwa ameuliza watu wanaonaje. Hakuna mahali alipouliza nini kilitokea. Mtu aliyesomea kazi hii chuo kikuu miaka minne alikuwa amesahau kuuliza kama gari lilifika.

Fomu nyingi zilijazwa na wahoji wake, lakini ya sitini na tatu aliijaza yeye mwenyewe mwezi wa sita. Fatma Hussam, miaka ishirini na mitatu. Uliridhika kiasi gani? Tano kwa tano, mstari mzima. Alikumbuka maji baridi ya mtungi aliyopewa siku ile. Akaikunja fomu, akaitia mkobani, akatoka bila kumwambia mtu.

Fatma aliishi na mamake, Bi Salme, muuza achari ambaye kila nyumba ya Magogoni ilimjua kwa ulimi wake na kwa pilipili zake. Mbeyu alimkuta uani akizitia achari za embe katika vifuko vidogo vya plastiki.

"Shikamoo, Bi Salme."

"Marahaba, mwanangu. Si wewe yule wa maswali? Ndoo hapa, ukae kitako. Fatma!"

"Abee, mama," sauti ikajibu ndani.

Fatma akatoka, akajifunga leso vizuri, akaketi mkekani. Wakasalimiana kwa kirefu, na kila alichoulizwa Fatma alijibu "alhamdulillahi". Mbeyu hakuwa na kizibao cha Wakala siku hiyo, wala mzee wa mtaa wa kumwongoza, wala kalamu mkononi.

"Fatma, ile siku ya uchungu ulipiga simu?"

"Nilipiga."

"Gari likaja?"

Fatma akamtazama mamake. Bi Salme akaendelea kufunga vifuko.

"Mtoto amelala?" Mbeyu akauliza, kwa kutaka kupunguza uzito.

"Mtoto tumemzika," alisema Bi Salme. "Mwezi wa tano."

Mbeyu alihesabu bila kupenda. Mwezi wa sita ndio aliokuja. Alikuwa ameketi kwenye mkeka huu huu, akanywa maji ya watu hawa, akamuuliza mwanamke aliyetoka kuzika kama ameridhika na lugha ya wahudumu, akamtilia alama tano, akaaga. Katika maswali yake saba hakukuwa na hata moja lililotaka kujua kama mtoto yu hai. Aibu ilimshika mpaka masikio yakamwaka.

"Mbona ulinijibu umeridhika?" aliuliza.

"Ningekujibu nini?" Fatma alisema polepole. "Umekuja mgeni, mbele yako mzee wa mtaa, umevaa kizibao cha serikali. Umeandika jina langu na simu yangu yuu ya karatasi. Mtu akikuuliza u hali gani, si wamwambia njema?"

"Na kuna jingine," alisema Bi Salme.

"Mama!"

"Wacha niseme. Nimechoka na kulinyamazia." Akafuta mikono kwa leso. "Wewe wadhani watoto wa mtaa huu wamezaliwa wapi tangu mfunge wodi? Ndani ya simu? Kila mama aliyekwenda pale mlangoni akilia, Sista Rispa, yule muuguzi, alimfungulia. Ufunguo anao. Awapokea mle mle mlimofunga, kisha apangusa sakafu, awaambia nendeni, mimi sikuwaona. Mulipokuja na fomu zenu tukaambizana wanawake sote: semeni mazuri, wasije wakamhamisha Sista. Tulifunika kombe mwanaharamu apite. Na uniwie radhi mwanangu, mwanaharamu mwenyewe ulikuwa wewe."

"Na Fatma?"

"Wiki ile Sista alikwenda kwao Vihiga kumzika babake," Fatma akajibu mwenyewe. "Nilipiga simu mara kumi na moja. Tukatafuta tuktuk. Kabla ya daraja foleni ikasimama. Kitovu kilimzunguka shingoni. Lau Sista angekuweko."

Mbeyu alitaka kulia lakini aliona hana haki ya kulia mbele ya Fatma. Akawaeleza yaliyobaki, maana walistahili kuyajua. Majibu yao mazuri yalikuwa yamekwisha kumfikia mwenyekiti wa bodi. Kwa kuwa wameridhika sana, Alhamisi wodi ingefungwa kabisa, vitanda vibebwe, na Sista Rispa apelekwe kwingine, kwa sababu muuguzi wa wazazi hana kazi mahali pasipo na wazazi.

Bi Salme alikaa na kifuko kimoja mkononi bila kukifunga.

"Ati tumemfukuza wenyewe?" aliuliza. "Kwa ndimi zetu?"

Fatma akamchukulia kifuko kile, akakifunga.

Jumanne alfajiri Mbeyu alikuwa zahanati ya Kwa Shee kabla foleni haijaanza. Sista Rispa alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, mwenye viatu vya raba na saa iliyoning'inia kifuani. Alipoambiwa, hakukana. Alimpeleka Mbeyu mpaka kwenye mlango wa wodi wenye tangazo la Wakala, akaufungua, akamwonyesha vitanda viwili, ndoo, na taa ya kuchaji.

"Ni hapa. Ukitaka kuandika, andika."

"Nikiandika watakupokonya leseni."

"Ninajua."

"Na nisipoandika, wodi haifunguliwi tena."

"Hiyo pia ninajua. Usinieleze vitu ninajua." Rispa akaufunga mlango. "Mama amefika hapa, mtoto anaonekana kichwa. Ulitaka nimsomee tangazo? Mimi sikuombi kitu, dada. Lakini niko na watoto wawili chuoni, na hii kazi ndiyo ninajua. Kwa hivyo fikiria vizuri kabla hujanitaja."

Njiani kurudi Mbeyu alifikiri mpaka kichwa kikamgonga. Akisema kweli yote, wodi itafunguliwa na aliyeitunza atafukuzwa, labda ashtakiwe. Akinyamaza, Rispa atahamishwa salama, na akina mama wa Magogoni watabaki na simu isiyopokelewa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hapa waliozaa ndio walioficha, na ndio waliokuwa na sababu njema kuliko wote.

Alimwambia Justus nusu ya habari: kwamba majibu hayana maana, kwamba watu waliwajibu wageni wao kwa adabu, kwamba safari ni ishirini na sita.

"Labda hawakuita gari. Labda wana magari ya mashemeji," alisema Justus. Alikuwa ameshaanza kutoa jasho. "Mbeyu, mwenyekiti anayo tarakimu. Unataka nisimame mbele ya bodi niseme hojaji yetu ni takataka?"

"Ni yangu. Mimi ndiye niliyeitunga, na mimi nitasema."

"Na kandarasi?"

"Nimeihesabu hiyo pia."

Justus alikuwa mtu mwoga, lakini hakuwa mtu mbaya, na watu wa aina hiyo wakibanwa vizuri hutoa kitu. Akaitazama kalenda ukutani. "Kesho. Siku moja tu. Usipoleta kitu cha kushikika, Alhamisi nasoma ripoti ilivyo."

Alasiri hiyo Mbeyu alikaa na karatasi moja. Aliandika maswali tisa, akaanza kuyapitia moja moja akijiuliza lile analopaswa kujiuliza kila mtungaji: bodi ikilijua jibu hili, itafanya nini tofauti? Umri wa mama, akakata. Kiwango cha elimu, akakata. Ulisubiri dakika ngapi, akakata, kwa sababu mtu mwenye uchungu hatazami saa. Yakabaki mawili. La kwanza lilikuwa, "Je, ulipata huduma ya ambulensi?" Akawapigia simu akina mama watatu wa Kongowea aliowafahamu, awasomee. Mmoja akamuuliza, kupata ni kuiona au kupanda? Mbeyu akalifuta, akaandika upya: Siku ya kujifungua, uliingia ndani ya ambulensi kabla mtoto hajazaliwa? Hilo wote watatu walilijibu papo hapo, ndiyo au la.

La pili lilikuwa: Mtoto alizaliwa wapi, na nani alimpokea?

Hilo ndilo swali ambalo kila mtu mwenye akili angeliuliza baada ya la kwanza. Mbeyu alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akalikata kwa mstari.

Justus alipita nyuma yake, akasoma. "Umeruka swali."

"Sijaliruka. Nimeliacha."

Justus akaenda zake, na Mbeyu hakujua kama ameelewa au ameogopa kuelewa.

Jumatano saa tatu chumba cha ndani cha Bi Salme, aliyekubali kuwaita akina mama, kilikuwa tayari. Nyuma ya pazia kulikuwa na meza, na juu yake makopo mawili ya achari yaliyotobolewa vifuniko. Kila mama angepewa punje moja ya kunde. Kama aliingia ndani ya ambulensi kabla mtoto hajazaliwa, aitie kopo la kifuniko chekundu. Kama hakuingia, cheupe. Hakuna jina, hakuna simu, hakuna kizibao, na Mbeyu mwenyewe angekaa uani, mgongo kwa mlango.

Saa tano walikuwa wamekuja wanane tu.

Wengine walipita mbele ya nyumba wakitazama kwa pembe ya jicho. Habari zilikuwa zimeenea kwamba yule wa serikali amerudi, na kwamba safari hii anamtafuta Sista. Mbeyu alizihesabu dakika. Wanane hawakuwa kitu. Mbele ya bodi wanane ni kichekesho.

Kisha akaja Mzee Mramba, mzee wa mtaa, na kiti chake mkononi. Alikuwa amesikia kuna zoezi la serikali, na zoezi la serikali bila yeye halijawahi kufanyika.

"Nitakaa hapa mlangoni," alisema, "nihakikishe wanajibu vizuri."

Wanawake wawili waliokuwa wakiingia wakageuka. Mbeyu akasimama, akitafuta maneno ya heshima, lakini Bi Salme hakuyahitaji.

"Mramba, wewe umezaa lini?"

"Bi Salme, mimi ni kiongozi hapa."

"Basi nenda ukaongoze wanaume wenzako pale barazani. Humu mwaulizwa tumbo, na lako ni la wali tu."

Kicheko kikapita uani. Mzee Mramba alijaribu kukasirika, akaona hakuna atakayemuunga mkono, akakibeba kiti chake. Lakini wale wanawake wawili hawakurudi, na jua lilikuwa likipanda.

Hapo Fatma akatoka ndani. Alikuwa amevaa buibui. Hakumwambia mtu kitu, akashika njia. Mbeyu alimfuata kwa umbali mpaka nyumba ya tatu, akamsikia akibisha hodi, na aliposalimiwa u hali gani, Fatma hakusema njema.

"Si njema," alisema. "Mimi niliulizwa, nikasema nimeridhika, na mwanangu yu kaburini. Sitasema tena. Hawakuulizi nani alikupokea mtoto, Hanan. Nimeisoma karatasi yao. Wauliza gari tu. Nenda ukaseme kweli ya gari."

Nyumba ya nne akasema vile vile. Na ya tano. Mbeyu alirudi uani kwa sababu hakuweza kusikiliza zaidi.

Kufika adhuhuri walikuwa arobaini. Baada ya adhuhuri walikuja wakiwa wamebeba watoto mgongoni, wengine na sufuria zimeachwa motoni kwa jirani. Saa kumi na moja Mbeyu na Bi Salme waliyamwaga makopo juu ya sinia, wakahesabu mara tatu. Kunde mia moja na kumi na mbili. Nyekundu, kumi na tisa. Nyeupe, tisini na tatu.

"Sasa wajua," alisema Bi Salme.

Mbeyu alijua. Na alijua pia swali litakalokuja kesho yake, lile lile alilolikata kwa mstari.

Mwenyekiti wa bodi, Bwana Faiz, alikuwa mstaafu wa bandarini, mtu mwenye suti iliyopigwa pasi mpaka ikakata. Miaka thelathini ya kukagua makasha ilikuwa imemfunza kwamba kitu kisicho na nambari hakipo. Aliisikiliza hadithi ya makopo bila kupepesa jicho. Nyuma ya ukumbi waliketi wasimamizi wa zahanati zote saba, na Sista Rispa alikuwa wa mwisho kushoto.

"Kunde," alisema Bwana Faiz.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Jumatatu nililetewa asilimia tisini na nne. Leo naletewa kunde."

"Ile ya Jumatatu ilikuwa kosa, na kosa ni langu," Mbeyu alisema. "Niliuliza watu wanaonaje, mbele ya wakubwa wao, na majina yao yakiandikwa. Wakanijibu kama mtu anavyomjibu mgeni. Safari hii nimeuliza jambo moja lililotokea au lisilotokea, na hakuna aliyewaona wakijibu. Akina mama thelathini na sita hawakuja, siwezi kuwasemea. Lakini katika waliokuja, watano kati ya sita hawakupanda ambulensi. Kitabu cha dereva kina safari ishirini na sita kwa miezi saba. Kunde na kitabu havikupanga njama, mheshimiwa."

Wajumbe wakapeana karatasi. Mmoja akauliza bei ya mafuta. Mwingine akauliza kama kuna mtoto aliyekufa. Mbeyu alisema yuko mmoja anayemjua, na kwamba mama wa mtoto ndiye aliyemtuma aseme. Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi, kwa sababu hakuna mjumbe aliyetaka jina lake liwe chini ya uamuzi wa kufunga. Ikapigwa kura. Wodi ya Kwa Shee ifunguliwe Jumatatu na wafanyakazi wake wote, na zile sita zisiguswe.

Mbeyu alikuwa ameanza kupumua.

"Ngoja," alisema Bwana Faiz. "Hawa tisini na watatu hawakupanda gari. Hospitali hawakufika. Basi watoto wao walizaliwa wapi? Nani aliwapokea?"

"Hatukuuliza, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Bodi ilikuwa inaamua juu ya gari. Tukauliza gari."

"Hilo si jibu. Mama tisini na watatu, na wodi ina tangazo letu mlangoni. Kama kuna mtu aliyevunja amri ya Wakala, mimi nataka jina lake." Akageuka. "Justus, wewe wajua?"

Mbeyu hakuthubutu kumtazama Justus. Alikitazama kikombe cha maji kilichokuwa mbele yake na kuomba Mungu.

"Ninajua kilichomo kwenye ripoti, mwenyekiti," Justus akasema, na akajipangusa shingo.

"Basi tutauliza sasa," alisema Bwana Faiz. "Na iwe kazi ya watu wazima, si kunde. Fomu iwe na jina, nambari ya kitambulisho na simu. Wahoji wavae vizibao. Chifu asimame katika kila mlango ili mtu asidanganye. Swali moja tu: nani alikupokea mtoto? Binti, utaiongoza wewe."

Maneno yote yalimjia Mbeyu kwa mkupuo mmoja, yale aliyoyajifunza chuoni na yale aliyoyajifunza kwenye mkeka wa Bi Salme. Angeweza kumweleza mzee huyu, kwa dakika mbili tu, kwa nini kazi ya namna hiyo haizai kitu, na ifanywe vipi ili izae. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Na ikifanywa sawasawa, itamfikia Sista Rispa kwa nusu siku. Kule nyuma Rispa alikuwa akiiangalia sakafu, mikono yake mikubwa imefumbatana magotini. Mbeyu akaumeza ujuzi wake wote, na ulipita kooni kwa taabu.

"Mbona umenyamaza?" Bwana Faiz aliuliza. "Kwa njia hiyo hatutapata kweli?"

"Mtapata majibu, mheshimiwa," Mbeyu alisema. "Kila nyumba itajibu."

"Vizuri. Utaanza lini?"

"Jumatatu asubuhi."

Akafungua daftari lake, akaandika kila alichoagizwa, jina, kitambulisho, simu, vizibao na chifu, na hakukosoa hata neno moja.